Kutafuta Majina Kandokando ya Kafubu

Mtu aliyetoka Dar es Salaam kwa barabara, akapita Tunduma, akaivuka Zambia yote na kushushwa Kasumbalesa katikati ya foleni ya malori ya shaba, akifika Lubumbashi hukuta majina anayodhani anayajua. Makondakta wa taksi-basi wanaita "Kenya! Kenya!" na hakuna anayefikiria Nairobi. Kenya ni mojawapo ya komuni saba za jiji, yenye soko lake na uwanja wake wa mpira. Ndani ya komuni ya Kampemba kuna mtaa unaoitwa Kigoma. Kuna Bel Air, na kuna Hewa Bora, mitaa miwili tofauti. Na ukimwambia mtu unakwenda Kasapa, atakutazama usoni kwanza, maana Kasapa kuna chuo kikuu na Kasapa kuna gereza kuu.

Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya majina. Mwenyeji wangu, kijana aliyesoma isimu Unilu, yaani Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alikuwa ameanza kuandika majina ya vijito, vilima, mabonde na vivuko katika nchi ya Walamba inayolizunguka jiji, akanialika nimfuate. Nilikuwa sijawahi kukanyaga Kongo. Nilijua Katanga kwa habari za vita, shaba na TP Mazembe, basi.

Kazi yenyewe ina wazee wake. Katika miaka ya 1830, Waingereza walipokuwa wanaipima Ireland ili waichoree ramani, mwanazuoni aitwaye John O'Donovan alipewa kazi ya kutembea parokia hadi parokia akiwauliza wenye lugha ya Kigaeli jina la kila mahali na maana yake, kabla mpimaji hajaliandika kwa masikio ya Kiingereza. Barua zake alizotuma akiwa njiani zinasomwa hadi leo. Katanga haikupata O'Donovan wake. Ilipata wahandisi wa migodi, na mhandisi hana shida ya kuuliza jina: analo lake mfukoni.

Tazama walivyofanya. Mgodi wa kwanza wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, ulikuwa kwenye kilima kilichoitwa Kalukuluku; wao wakauita Étoile du Congo, Nyota ya Kongo. Machimbo ya kale ya Kipushi, ambayo watu waliyachimba kabla Mzungu hajafika, yakawa mgodi wa Prince Léopold. Likasi ikawa Jadotville, kwa heshima ya mhandisi Jean Jadot. Maporomoko ya Mwadingusha kwenye mto Lufira yakapewa jina la mwanajiolojia Jules Cornet, kisha bwawa likajengwa hapo na tambarare ikafunikwa na ziwa. Na mji wenyewe, uliopangwa mwaka 1910 reli ilipofika kutoka kusini, ukaitwa Élisabethville, kwa jina la malkia wa Ubelgiji, mke wa Albert wa Kwanza. Mfalme naye hakusahauliwa: mtaa wa Waafrika uliitwa Albert. Leo ni Kamalondo.

Mto haukupewa jina la mtu. Uliendelea kuitwa Lubumbashi, na kiwanda cha kuyeyushia shaba kilichowashwa kando yake mwaka 1911 kikachukua jina la mto, si la malkia. Kwa hiyo Mobutu alipofuta majina ya Kibelgiji mwaka 1966 hakulazimika kubuni chochote. Jina lilikuwa pale pale, limeandikwa hata kwenye karatasi za kampuni. Miaka michache baadaye alikwenda mbali zaidi, jimbo la Katanga likawa Shaba, na hilo lilidumu hadi 1997 alipokuja Laurent-Désiré Kabila. Mwaka 2015 jimbo likagawanywa mara nne, na Lubumbashi ikabaki katika Haut-Katanga. Mzee wa miaka themanini katika jiji hili ameandikiwa anwani za nchi, jimbo na mji tofauti tofauti bila kuhama nyumba.

Nikiwa njiani kuingia mjini nilikumbuka kwamba Waireland nao wamepita hapa. Septemba 1961 kikosi chao, kikiwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, kilizingirwa Jadotville na majeshi ya Katanga iliyojitenga chini ya Moïse Tshombe, kikapigana siku kadhaa hadi risasi na maji vikaisha. Wajukuu wa watu ambao vilima vyao viliandikwa upya na wageni walikuja kupigania mji wenye jina la mhandisi Mbelgiji. Kwao vitabu vyote vinasema Jadotville. Hapa, kijana wa shule hajui hiyo ni wapi mpaka umwambie Likasi.

Kabla ya kwenda shamba mwenyeji wangu alinipitisha mjini, akisema majina ya mjini lazima yasikilizwe kwanza ili sikio lizoee. Asubuhi za Juni Lubumbashi ina baridi kali, jiji liko juu, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na vumbi jekundu linakaa kwenye kila jani. Tulipita soko la Njanja. Njanja ni reli, ndugu wa njanji ya Wanyanja na Washona. Neno lilipanda kutoka kusini pamoja na mataruma. Kutoka hapo unaliona bomba refu la moshi la kiwanda na lile tuta jeusi la masalio ya shaba, vitu viwili ambavyo kila mchoraji wa Lubumbashi amewahi kuvichora. Mumbunda, akasema mwenyeji wangu, akaonyesha kwa kidevu. Mumbunda na Njanja: kiwanda na reli. Baba zao walikuwa wa huku au wa kule.

Akanionyesha pia nakala chakavu ya kitabu ambacho nilikuwa nimekisikia tu, Vocabulaire de la ville de Elisabethville, kilichoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani mwa Wazungu. Kichwa ni cha Kifaransa, ndani ni Kiswahili cha Lubumbashi, kimepigwa taipu na watu ambao hakuna aliyewafundisha tahajia. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikitoa upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo. Wapishi na maboi walikuwa wameandika historia ya mji wao, pamoja na majina ambayo wao wenyewe waliwapa mabwana. Mimi nakihesabu miongoni mwa vitabu vya lazima vya Kiswahili, na ni aibu kwamba huku kwetu pwani hakijulikani nje ya vyuo vikuu. Kabla ya mtaalamu yeyote, boi wa jikoni aliona kuwa jina analopewa mkubwa na wadogo wake ni habari inayostahili kuhifadhiwa.

Tukatoka kwa pikipiki. Dereva wa bodaboda huku anaitwa manseba, yaani mjomba, na ni kweli anakuongoza kama mjomba: haulizi, anaamua. Tulifuata njia ya kwenda misheni ya Wasalesiani ya Kafubu, kisha tukaiacha lami. Miombo ilianza, ile misitu ya miti iliyoachana, nyasi zimekauka hadi kiunoni, na kila mahali vichuguu. Anayetoka pwani hawezi kuamini vichuguu vya Katanga. Vingine vina urefu wa nyumba ya ghorofa, vina miti mikubwa imeota juu yake, na watu wanavikata ubavuni kufyatua matofali. Baiskeli zilizosheheni magunia ya makala, yaani makaa, zilikuwa zinakuja mbio kuelekea mjini, mwendeshaji amejificha nyuma ya mzigo.

Kijiji tulichofikia sitakitaja, na sababu nitaieleza. Mzee aliyetupokea alikuwa ameketi juani na ndugu zake. Shikamoo yangu ilimfanya atabasamu, kisha akanionyesha kwa vitendo namna inavyofanywa kwao: unainama kidogo, unapiga makofi ya polepole, viganja vimeviringwa. Nikaletewa munkoyo katika kikombe cha plastiki, kinywaji cha mahindi na mizizi, kichachu kidogo, cha baridi. Mwenyeji wangu alimwita Papa, na mimi nikafuata.

Nilidhani tutaketi na kuandika. Papa akasimama akachukua fimbo. Jina la mahali, alisema, haliulizwi ukiwa umekaa mahali pengine.

Tulishuka bondeni kuelekea kwenye maji yanayoingia mto Kafubu. Mwenyeji wangu alikuwa na simu mbili, moja inarekodi sauti na nyingine inaonyesha mahali tulipo, na daftari lililopigwa mistari ya safu: jina kama lilivyotamkwa, aliyelisema, mahali aliposimama, habari aliyoitoa, na jina lililo kwenye ramani kama lipo. Sauti ni lazima. Kilamba kina toni, na maandishi ya Kifaransa yanaharibu hata kisichokuwa na toni: Chombe anakuwa Tshombe na u inakuwa ou. Yeye pia hakusema kamwe "Hapa panaitwa hivi, si ndiyo?" Alinyamaza, au akauliza kwa Kiswahili cha kwao, "Papa, hapa banaitaka namna gani?", akangoja.

Majina yalianza kuja, na hayakuja kama nilivyotegemea. Nilikuwa natazama vilima. Papa hakujali vilima sana. Alitaja kivuko ambapo mawe yanakuruhusu kupita wakati wa mvua. Alitaja kichuguu, tena kimoja, si vyote, kwa sababu hapo zamani alizikwa mtu. Alitaja bonde lenye nyasi lisilo na miti, dambo, kwa jina la mtu wa kwanza aliyelima mipaka yake, na eneo la msitu kwa jina la mti ambao nilitafuta kwa macho bila kuuona. Umekwisha, alisema. Umekuwa makala.

Kuhusu mto wenyewe alicheka. Kafubu ni wa kiboko, nani hajui? Kwa Kibemba, ndugu wa karibu wa Kilamba, kiboko ni imfubu, na kuna Kafubu nyingine upande wa Zambia, ile ya Ndola, inayoingia Kafue. Hii ya kwetu inakwenda Luapula. Viboko hapa hakuna tena. Maji yanayoshuka kutoka upande wa jiji yamebeba uchafu wa viwanda na migodi, na wanawake wa kijiji walikuwa wamechimba visima vidogo pembeni ya kijito badala ya kuchota mtoni.

Hao wanawake ndio waliobadilisha daftari. Tulipofika pale wanapofulia, mama mmoja mtu mzima aliinua kichwa akamsikiliza Papa akitaja kile kijito, akasema hapana, hilo ni jina la huko juu. Hapa ni pengine. Kumbe kwake kile kijito hakikuwa kitu kimoja. Palikuwa na jina la pale maji yanapotoka ardhini, jina la dimbwi la kulowekea mihogo, jina la kona yenye udongo mzuri wa vyungu, jina la sehemu ambayo watoto hawaruhusiwi kuoga. Papa alikuwa amevuka kijito maisha yake yote; yule mama alikuwa amekaa ndani yake. Kisha akatuelekeza msitu wa uyoga, unaookotwa mvua zikishanyesha, akautaja kwa majina matatu ya vipande vyake. Mwenyeji wangu alikuwa anaandika mbio, na baadaye alisema kwamba kurasa alizojaza na wanaume vijiji vyote vya nyuma zitabidi zirudiwe na wanawake. Nakubaliana naye kabisa.

Kuhusu maana, nimerudi na mashaka ambayo sikwenda nayo. Kila jina lina hadithi, na hadithi nyingi zimetengenezwa baada ya jina. Chukua Lubumbashi. Anayejua Kibemba au Kilamba husikia ndani yake bumba, kufinyanga, na udongo wa mfinyanzi kando ya mto upo. Ukitaka kuishia hapo utapata aya nzuri ya gazeti. Lakini keti na watu sita na utapata hadithi zaidi ya moja, kila moja na mwenyewe anayeapa. Njia ya mwenyeji wangu ni kuziandika zote, kila moja na msemaji wake, na kutoichagulia yoyote ushindi. Inaudhi kidogo, maana msomaji anataka jibu. Ndiyo njia sahihi hata hivyo. Mmishonari Clement Doke, aliyeishi Kafulafuta upande wa Zambia na kuchapisha kitabu chake kikubwa juu ya Walamba mwaka 1931, alitusaidia kwa maneno mengi. Nakala yake ilikuwa kwenye mkoba. Lakini Doke hakuwahi kufua kwenye kijito hiki.

Jioni tulipelekwa kwa chifu, kama ilivyo desturi, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kijiji kisitajwe. Alisikiliza sauti zilizorekodiwa, akaitikia baadhi, akakunja uso kwa nyingine. Kisha akauliza: ramani hii ataiona nani? Halikuwa swali la heshima tu. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali; wenye nchi ya jadi wana haki ya kuitumia tu. Jiji linakuja mbio, viwanja vinapimwa msituni, makampuni yanapewa maeneo ya kutafuta madini. Bonde likiandikwa "shamba la fulani", ukoo wa fulani una karatasi ya kwenda nayo mbele ya hakimu, na ukoo wa jirani unajua hivyo. Na makaburi yakiwekewa alama kwenye simu, mtu yeyote anaweza kuyafuata. Tukakubaliana kwamba yeye na wazee watayapitia majina kwanza, waseme lipi litoke na lipi libaki kijijini. Nimeona watafiti wanaochukulia ruhusa ya namna hii kama usumbufu. Pale niliona ndiyo sehemu ya kazi yenye akili zaidi kuliko zote.

Tulirudi kwa njia nyingine, tukapita karibu na vilima vya shaba. Vinatambulika kwa mbali: miti inaishia miguuni, juu ni nyasi na mawe, kwa sababu mizizi ya miti haiwezi udongo wenye shaba nyingi hivyo. Kuna kijimea kidogo chenye maua ya zambarau kinachopenda udongo huo, wataalamu wanakiita Haumaniastrum katangense, na wapimaji wa zamani walikifuata kama dira kutafuta madini. Wafuaji wa Katanga hawakuhitaji kukiita Kilatini. Waliyeyusha mukuba, yaani shaba, katika tanuri zilizojengwa kwa udongo wa vichuguu na kuimimina katika umbo la msalaba, ile misalaba iliyokuwa fedha na mahari katika Afrika ya Kati na ambayo Tshombe aliiweka kwenye bendera yake mwaka 1960.

Kalukuluku tuliiona tukiwa nje ya uzio. Kilima hakipo. Kuna shimo, ngazi zake zinashuka moja baada ya nyingine, na malori yanayoonekana madogo chini. Kijana mmoja aliyekuwa anauza muda wa simu kando ya barabara alisema kwamba ni Étoile. Dada aliyekuwa amekaa naye, mwenye umri kidogo kumzidi, akamkatiza: "Shiye tunaitaka Kalukuluku. Bale ba mugodi banaitaka Étoile. Kama unaandika, andika yote mbili." Mwenyeji wangu akaandika yote mbili. Kilima kimeisha na jina lake bado liko kinywani mwa mtu aliyezaliwa baada ya kilima kuisha. Hilo lilinitia moyo kuliko vitabu. Lakini Kalukuluku ilibahatika kuwa mgodi maarufu. Dimbwi la kulowekea mihogo halina bahati hiyo. Siku bonde lile likigawanywa viwanja, mpimaji ataliita namba, wakazi wapya wataliita kwa jina la baa ya kwanza itakayofunguliwa, na yule mama hatakuwa na mtu wa kumkosoa.

Ndiyo maana nasema mwenye kuanza kazi hii aanzie pembeni mwa jiji, vijiji vya barabara ya Kasumbalesa na ya Kipushi, si mbali huko Kundelungu ambako hakuna haraka. Majina ya mitaa na barabara za katikati yana watu wa kutosha. Tangu mwaka 2000 maprofesa wa Unilu na wenzao wameendesha mradi wa Mémoires de Lubumbashi, na mengi yameandikwa. Majina ya maji madogo hayana mtu.

Na nina ombi kwa wasomaji walioko Ndola, Kitwe na Chililabombwe. Mpaka wa mwaka 1894 ulifuata mgongo wa maji kati ya Kongo na Zambezi, ukawaacha Walamba pande zote mbili. Mengi ya majina tuliyoyasikia yana ndugu zake kwenu, na wazee wenu wanaweza kuthibitisha au kukanusha nusu ya daftari lile. Mkienda kuwauliza, nendeni nao hadi mahali penyewe, waulizeni wanawake peke yao, rekodini sauti, na muandike jina la msemaji pale tu atakapokubali.